Mkasi, Gundi na Kimya cha Salma

Nimestaafu mwezi wa sita, na tangu hapo walimu wawili vijana waliorithi chumba changu cha sanaa hawajaacha kunipigia simu. Swali lao ni lile lile: utulivu wa moyo unafundishwaje kwa mkasi na karatasi? Kwenye maandalio yangu ya somo wameukuta mstari usemao "kolaji: amani ya ndani", bila maelezo zaidi, na wanadhani nimewaficha kitu. Sikuwaficha. Nilidhani kila mtu anajua. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Ngamiani, chai ipo, na nitawaandikia jinsi nilivyoijua kazi hii tangu mwanzo. Vyeo na mishahara nitavipita kimya. Sikumbuki siku hata moja ambapo mwanafunzi aliniuliza habari zake.

Nilifika shuleni pale Raskazone nikiwa msichana wa Muheza, Mbondei, nimelelewa kanisani, cheti changu cha ualimu nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe mvua. Mwalimu mkuu alinielekeza nyuma ya jengo kubwa la kale. Chumba cha sanaa, watu walisema, kilikuwa zizi la farasi wa Mjerumani. Mimi naamini kilikuwa stoo tu, lakini farasi walitupa hadhi kidogo, kwa hiyo sikubisha. Ndani nilimkuta Mwalimu Bakari, mtu mrefu, kofia yake ya kiua imepauka, ameinamia jiko la mkaa anakoroga kitu kwenye sufuria.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na rangi?"

"Hawakunipa rangi."

"Alhamdulillahi," alisema. "Rangi ingetutia uvivu. Shika mwiko."

Ile ilikuwa gundi, na ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ualimu. Nawaandikia namna yake kwa sababu ile ya dukani hukauka vibaya kwa joto la Tanga. Unga wa muhogo uuvuruge kwanza kwa maji baridi, ndipo uweke motoni, moto mdogo, na usiache kukoroga. Itakuwa nyeupe kama maziwa, kisha ghafla itang'aa kama kioo chenye ukungu. Hapo iepue. Tia chumvi isichache, na karafuu zilizotwangwa kwa ajili ya mende. Mende wa Tanga hupenda sanaa kuliko wazazi wengi.

Brashi tulitengeneza kwa mkonge: unakata kipande cha jani, unaiponda ncha kwa jiwe mpaka nyuzi zitoke, unazichana kama nywele. Karatasi tuliziokota. Kalenda kuukuu za maduka, mifuko ya saruji, pakiti za majani ya chai, vipande vya kanga na vitenge kutoka kwa mafundi cherehani. Mwalimu Bakari alikuwa akipita mitaa ya Ngamiani na baiskeli yake Jumamosi, na kila fundi alimwekea fungu lake la matambara.

Juu ya kabati palikuwa na sanduku la mbao lenye kifuniko. Kila karatasi tuliyookota yenye jina la Mungu, iwe aya kwenye kalenda, iwe mstari wa Biblia kwenye ratiba ya ibada, hata ile ya mahubiri iliyofungiwa karanga, iliingia humo. Mwisho wa muhula Mwalimu Bakari alizichoma, akafukia majivu penye ua wa michongoma. "Mkasi haupiti hapa," aliwaambia watoto siku ya kwanza ya kila mwaka, na hakulazimika kurudia. Darasa letu lilikuwa na watoto wa waswali na watoto wa wanakwaya kwenye benchi moja, na lile sanduku liliwaonyesha kwamba hakuna mtu atakayedharauliwa humu ndani. Nililiendeleza mpaka siku yangu ya mwisho. Liko pale pale. Tafadhali msiweke chaki ndani yake.

Kuhusu somo lenyewe alinipa maneno machache. "Usimwulize mtoto roho ni nini," alisema. "Atakujibu alichokariri, na utampa alama kwa kukariri. Mwulize: lini mara ya mwisho ulinyamaza bila kuambiwa unyamaze? Kisha mpe mkasi." Na utaratibu wake ulikuwa huu: watoto waokote kwanza, wakae kimya kidogo, wakate, wapange kila mmoja juu ya ubao wake, wapangue, wapange tena. "Gundi ni ya mwisho kabisa. Kabla ya gundi kila kitu kinasameheka."

Alistaafu, akaniachia chumba na baiskeli mbovu. Miaka yangu ya mwanzo nikiwa peke yangu ilikuwa miaka ya njiwa. Niliwauliza watoto swali lile zuri, nao wakanibandikia njiwa mweupe, moyo mwekundu, jua linalozama, msikiti, kanisa, na tena njiwa. Vyote vilitoka kwenye kalenda zile zile. Nilikuwa na njiwa wengi ukutani kuliko walioko kwenye mapaa ya mji mzima. Sina ugomvi na njiwa, lakini yule wa kalenda ni utulivu wa mtu aliyempiga picha. Wa mtoto bado haujaonekana. Nikapiga marufuku: hakuna njiwa, hakuna moyo, hakuna jua. Darasa liliguna kana kwamba nimewakataza kula.

Hapo ndipo mambo yakaanza. Mvulana mmoja, baba yake dereva wa bajaji, alibandika bajaji iliyozimwa. Akanieleza kwamba baba akirudi jioni na kuzima injini, kuna kitambo kifupi kabla hajashuka, na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Msichana mwingine alibandika foleni ya ndoo bombani. Nikamwambia foleni haina utulivu. "Ina, mwalimu," alisema. "Pale hakuna anayenituma. Nimeshatumwa." Nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa juu ya amani ya nafsi, na sikuwahi kukutana na jibu safi kama hilo.

Sasa niwaambie habari ya Salma, maana ndiye hasa mnayemwulizia, ingawa hamjui jina lake. Ile picha ya miguu mliyoiona kwenye simu yangu ni yake.

Salma alikuwa kidato cha pili. Baba yake, Athumani, alikuwa mtu wa Mwera, kule Pangani, Mwislamu. Mama yake, Eliza, alikuwa Msambaa wa upande wa Bumbuli, Mlutheri. Walikutana hapa mjini, wakafunga ndoa bomani kwa sababu hakuna upande uliokubali kwenda kwa mwenzake. Hakuna ndugu aliyehudhuria. Wakakaa chumba kimoja Ngamiani, wakamzaa Salma peke yake. Eliza alifariki kwa maradhi mtoto akiwa darasa la saba, na Athumani akamfuata mwaka ule wa kidato cha pili. Jirani yao, Bi Mwanahawa, ndiye aliyempokea binti nyumbani kwake.

Matanga hayajaisha, ugomvi ukaanza. Mdogo wake Athumani, Mbwana, mkulima wa minazi, alitaka mtoto aende Mwera, akae na damu ya baba yake na asome dini. Bibi mzaa mama alitaka apande Bumbuli. Kila upande ulimpenda, na hilo ndilo lililofanya jambo kuwa gumu. Ningejua la kufanya kama mmoja wao angekuwa mtu mbaya. Walitumiana maneno kupitia Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa mama ntilie mwenye shughuli zake na hakuomba kazi ya ubalozi.

Salma akanyamaza. Hakuwa mkaidi, alisimama alipotakiwa kusimama, akaandika jina lake juu ya karatasi, na chini yake hakuandika kitu. Walimu wa hesabu, jiografia, wote walipokea karatasi nyeupe. Mwalimu mkuu aliniita. "Kwako je, anafanya?"

"Kwangu pia ubao ni mtupu," nilisema.

"Si ndiyo lile somo lako la utulivu? Mtulize basi."

Nilimjibu kwamba mtoto ametulia kupita kiasi. Shida ni kumtoa humo.

Sikumwuliza lile swali. Mtoto aliyenyamaza usimwulize lini alinyamaza. Nilimpa mwiko. Kwa majuma kadhaa Salma alikuwa mkorogaji wa gundi wa darasa zima, na alikoroga vizuri, bila mabonge. Wenzake walikuja na vikopo vyao, akawajazia. Wakamzoea hivyo. Wakati mwingine niliona anatazama ule mgeuko, pale weupe unapokuwa kioo, na sufuria ikipoa alibaki kuigusa kwa kidole.

Siku moja brashi ikamtoka mkononi, ikabingirika chini ya meza ndefu ya ukutani. Akainama kuifuata, akatambaa mpaka ndani. Hakutoka. Nikangoja, kisha nikaenda kuchungulia.

"Umeipata brashi?"

"Nimeipata." Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusikia sauti yake.

"Unatoka?"

"Bado."

Nikamwacha. Darasa likaendelea kukata karatasi. Kengele ilipolia akatoka, akapangusa magoti, akaenda zake. Kipindi kilichofuata alikuja na kipande cha mfuko wa saruji na mkasi, akaingia moja kwa moja chini ya meza kama mtu anayeingia ofisini kwake. Mwanafunzi mmoja alicheka. Nikamwambia kama naye ana jambo la kufanya huko, nafasi ipo. Hakucheka tena.

Mwalimu mkuu alipita dirishani, akasimama. "Mwalimu, huyo aliyeko uvunguni anafanya nini?"

"Sanaa, mwalimu."

Alifikiri kidogo, akaendelea na safari yake. Nilimheshimu sana kwa hilo. Nanyi mkiwa wakuu wa shule siku moja, mjifunze kupita dirishani.

Ni katika majuma hayo ambapo Mbwana alikuja shuleni kwa mara ya kwanza. Alibisha hodi katikati ya kipindi, kanzu safi, nazi mbili zimefungwa pamoja kwa makumbi yake.

"Mwalimu, nauliza kwa heshima tu. Hapa mnawafundisha watoto dini gani?"

"Sanaa, baba."

"Nimeambiwa mnafundisha mambo ya roho."

"Nawauliza walinyamaza lini. Kisha wanabandika karatasi."

"Na mwanangu amejibu nini?"

"Bado anajibu. Yuko chini ya meza."

Akachutama, kanzu ikagusa vumbi. Wakatazamana. Alimsalimu, naye akaitikia kwa kichwa. Mbwana hakumvuta wala hakumkemea. Aliinuka akazunguka chumba taratibu, akikagua kuta, na nilijua anatafuta kitu cha kukasirikia. Mtu mwenye uchungu huhitaji mahali pa kuutua. Akalifikia lile sanduku juu ya kabati, akauliza la nini. Msichana wa benchi la mbele akamjibu kabla yangu: "La majina ya Mungu, babu. Mkasi haupiti hapo."

"Babu ni nani hapa?" alisema Mbwana, maana alikuwa hajafika hata makamo. Darasa lilicheka, naye akatabasamu bila kupenda. Akaziweka nazi mezani. "Haya. Lakini likizo ikifika ninamchukua."

Bibi yeye alitumia simu. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Mwalimu! Bwana asifiwe! Huyo mtoto wa Eliza mnanipa lini?" Hakumwita kwa jina lake hata mara moja, alikuwa mtoto wa Eliza, au mjukuu wangu. Naye pia aliniuliza tunafundisha dini gani. Nilimpa jibu lile lile, isipokuwa kwake sikuwa na sanduku la kumwonyesha, na ilinibidi nipige kelele.

Kazi ya Salma ilikua chini ya meza, ubavuni mwa ukuta, huko gizani. Aliomba kamba kuukuu za mkonge, nikampa. Aliomba ukindu, Bi Mwanahawa akachana pembe ya mkeka uliokwisha. Aliomba kitenge cha buluu, akakitafuta mwenyewe kwa mafundi mpaka akapata anachokitaka. Alipanga, akapangua, akapanga. Sikumwuliza maana yake. Hili nawasisitizia: msiulize maana wakati mtoto bado anatafuta pa kuweka vitu vyake. Jioni moja alitoka na ubao, akaulaza mezani kwangu, akaenda kuchota gundi yake mwenyewe.

Ilikuwa picha ya chumba kilichotazamwa kutoka uvunguni mwa kitanda. Juu kabisa, kamba za mkonge zimepishana, ule mtandao wa kitanda cha kamba unavyoonekana ukilala chini yake. Chini ni sakafu ya saruji. Katikati, upande wa kushoto, mkeka wa ukindu, na juu ya mkeka miguu miwili ya mwanamume, peku, imesimama sawa. Upande wa kulia, karibu na jiko lenye wekundu wa pakiti ya viberiti, miguu ya mwanamke chini ya pindo la kitenge cha buluu. Basi. Hakuna uso, hakuna mkono. Watu wamekatwa na ukingo wa kitanda.

Niliitundika kwa siku ya wazazi pamoja na nyingine zote, bila jina.

Siku hiyo Mbwana alikuja kumwombea mtoto uhamisho kwenda Pangani. Bibi naye alishuka kutoka milimani kwa nia hiyo hiyo ya uhamisho, kwenda Bumbuli, amevaa sweta katika joto letu kwa sababu aliondoka nyumbani kwenye baridi na hakuona haja ya kulivua mbele ya wageni. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Wakakutana mlangoni kwangu, na Bi Mwanahawa aliyekuwa nyuma yao akaniangalia kwa macho ya mtu anayesema: haya, leo ni zamu yako.

Hawakusalimiana. Mbwana alipita kwanza, akaanza kutazama picha kwa sababu ilikuwa heri kuliko kumtazama bibi. Nikamwona anasimama mbele ya ile ya Salma. Akasogea. Akainamisha kichwa kama anayesoma maandishi madogo.

"Hiki kidole," alisema.

Mguu wa kushoto wa mwanamume ulikuwa na kidole gumba kilichopinda ndani.

"Hiki kidole ni cha kaka. Jembe lilimpiga. Tulikuwa watoto, tunachimba mihogo." Akasema kwa sauti ya chini, "Jembe nilikuwa nalo mimi."

Bibi alikuwa ameshafika ubavuni mwake, anatafuta miwani ndani ya sweta. Aliivaa. Alitazama upande wa kulia, penye jiko. Ile miguu ya mwanamke haikusimama sawa. Mmoja umekanyaga mwingine, unyayo juu ya kifundo, kama mtu anayejikuna.

"Ndivyo alivyosimama," alisema bibi. "Tangu mdogo. Kwenye kwaya nilikuwa namfinya asimame vizuri mbele za watu. Hakusikia."

Salma alikuwa amesimama karibu na kabati. Wote wawili waligeuka kumtazama, kisha wakarudi kwenye picha, kama walioogopa kumtisha. Bibi akauliza, macho yake bado ukutani, "Huyu hapa kwenye mkeka, anaswali?"

"Ndiyo, bibi," alisema Salma. "Ni magharibi. Mama anapika."

"Humo humo chumbani?"

"Chumba kilikuwa kimoja, bibi. Mama alikuwa anaimba nyimbo zenu, lakini pole pole, asimkatize baba. Na baba akishamaliza hakuwa anainuka upesi. Alikuwa anamngoja mama amalize ubeti. Mimi nilikuwa uvunguni. Hapo ndipo nilikuwa nanyamaza."

Nimekuwa mwalimu muda mrefu na najua chumba kinavyokuwa kimya kwa woga, kwa uchovu, kwa mtihani. Kimya kile kilikuwa kingine. Bi Mwanahawa alikwenda dirishani na kujishughulisha na pazia.

Mbwana ndiye aliyeanza. Aligeuka, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema bibi. Akavua sweta.

Hakuna aliyezungumzia uhamisho siku hiyo. Walikula pilau ya wazazi meza moja, wakaulizana habari za minazi na za kahawa, na baadaye wakamwita Salma wakamwuliza yeye. Akataka kubaki kwa Bi Mwanahawa mpaka amalize kidato cha nne, likizo fupi aende Mwera, likizo ndefu apande Bumbuli. Wakakubali. Bibi alipoaga alimshika mkono akasema, "Haya, Salma." Alilitamka jina kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Walikaribia kugombana tena jioni ile ile, juu ya nani aichukue picha. Bi Mwanahawa akapoteza subira akaamua kwamba itasafiri pamoja na mtoto. Basi ikasafiri, imefungwa kwenye kanga, kwenda pwani na kupanda mlima, miaka. Mende wa pande zote mbili waliionja licha ya karafuu. Kila iliporudi, Salma alipitia chumbani kwangu kuziba mahali palipoliwa, na mazungumzo yetu mengi tulifanya hivyo, yeye akibandika, mimi nikisahihisha kazi za wengine. Karatasi zake za hesabu hazikuwa nyeupe tena. Hazikuwa nzuri pia, lakini zilikuwa zimeandikwa.

Baada yake nilifundisha wengine wengi, na zana zilibadilika. Siku hizi mtoto anakuja na picha aliyoitoa kwenye simu na kuichapisha dukani, inang'aa, imekamilika. Msizikatae. Ila waambieni wazichane kwa mikono kabla ya mkasi. Kitu kilichokamilika hakimpi mtoto pa kuingilia. Na wakiwaletea njiwa kutoka kwenye simu, bado ni njiwa.

Mwaka jana, nikiwa kwenye miezi yangu ya mwisho kazini, Salma alinipigia. Sasa yuko chuo cha uuguzi. Bibi alikuwa amefariki. Nilipanda Bumbuli pamoja na Mbwana, ambaye hakuwahi kufika milimani maisha yake yote. Njia ilipoanza kujizungusha alifumba macho, akawa ananiuliza kila mara kama tumefika.

Msiba ulikuwa mkubwa, wa Kilutheri, kwaya mbili. Mbwana aliketi uani na wanaume. Wakampa kiti, wakampa blanketi, wakampa chai ya tangawizi bila kuuliza. Adhuhuri ilipokaribia aliomba maji ya kutawadha, kijana akamletea birika. Alipomaliza alisimama uani akageuka huku, akageuka kule.

"Mwalimu," aliniambia kwa aibu, "milima imenizungusha. Kwetu bahari ikiwa mkono wa kulia, umeshapata kibla. Hapa kulia migomba, kushoto migomba."

Mzee mmoja wa kanisa alitoa simu yake kumsaidia, ikawa haina mtandao. Ndipo Salma akatoka kati ya wanawake, amejitanda kitenge, akamshika baba yake mdogo mkono, akatuongoza nyuma ya jiko. Palikuwa na mahali padogo pa udongo mgumu, pamefagiliwa, hapana hata jani. Mbele yake lilisimamishwa jiwe moja refu kiasi cha kibuyu.

"Hapa, baba mdogo. Elekea kwenye jiwe."

"Nani ameliweka?"

"Bibi. Likizo yangu ya kwanza. Alishuka mpaka kijiji cha chini kumwuliza mwadhini, akarudi akalisimamisha mwenyewe. Alisema kama nikitaka kuswali nikiwa kwake, nisihangaike kuuliza."

Mbwana alilitazama jiwe. "Na kufagia?"

"Yeye. Majirani wanasema alipafagia kila asubuhi, hata nisipokuwepo. Leo nimefagia mimi."

Mbwana alivua viatu. Alitafuta pa kuviweka, udongo ule ulikuwa safi mno, kwa hiyo akanikabidhi mimi. Alikawia sana kwenye sijda. Nilisimama pale penye migomba na viatu vyake mkononi mpaka alipomaliza.